Sony iliuza TV nyingi ikapata hasara, ikauza chache ikapata faida



Kuna ushauri mmoja umezagaa sana kwenye kurasa za biashara, na kila anayeanza kuuza mtandaoni anaambiwa huo huo: shusha bei, chukua faida ndogo, uza nyingi, mzunguko ndo kila kitu. Kwa sukari sawa. Kwa vocha sawa. Lakini kwa mtu anayeuza TV, friji, simu au sabufa, yaani kitu ambacho mteja akinunua leo harudi tena mpaka miaka mitano ipite, mimi naupinga. Na sitaupinga kwa maneno matupu. Nitaupinga kwa hesabu za kampuni ambayo wateja wetu wanaitaja kila siku inboksi: "Una Sony og?"

Nazungumzia Bravia, hiyo TV bapa ya Sony. Wengi tunaijua kama TV ya watu wenye hela. Wachache wanajua kwamba kitengo cha TV cha Sony kilipata hasara miaka kumi mfululizo, kuanzia mwaka wa fedha wa 2004 mpaka wa 2013. Miaka kumi, bila kukosa hata mmoja. Na ndani ya hiyo miaka kumi kuna mwaka walisukuma sokoni TV zaidi ya milioni 22, na bado ikawa hasara. Baadaye wakaja kuuza kama milioni 12 kwa mwaka, na ikawa faida.

Soma tena hizo namba mbili kabla hujaendelea. Makala yote iko hapo.

Sasa twende taratibu, maana ukichukua namba tu bila kujua walifikaje hapo utaondoka na somo baya, utapandisha bei kesho asubuhi bila sababu na wateja watakukimbia.

Miaka ya 1960 Sony ilikuwa inajulikana kwa redio ndogo za transista. Kwenye TV za rangi walikuwa nyuma. Kampuni nyingi zilitumia aina ya bomba la picha iliyotoka kwa RCA ya Marekani. Sony hawakutaka kufuata mkumbo, wakachukua njia nyingine iliyoitwa Chromatron. Picha ilikuwa nzuri, ila kuitengeneza ilikuwa kazi ngumu na ya gharama. Waliiweka sokoni kwa yen 198,000 wakati kutengeneza moja kuliwagharimu zaidi ya yen 400,000. Yaani kila mteja aliyetoka dukani na TV mkononi alikuwa ameondoka pia na zaidi ya yen 200,000 za Sony. Waliuza kama 13,000 hivi. Piga hesabu mwenyewe.

Hiyo ndo mara ya kwanza Sony kuuza TV kwa hasara. Kilichowaokoa hakikuwa kuuza nyingi zaidi. Ukiwa unapoteza kwenye kila kipande, kuongeza idadi ni kuongeza shimo. Masaru Ibuka, mmoja wa waanzilishi, akaingia mwenyewe kuongoza mafundi watafute kitu kingine, na mwaka 1968 wakatoka na Trinitron. Bomba lile lilitumia bunduki moja ya elektroni pale wengine walipotumia tatu, na nyuma ya kioo kukawa na nyuzi nyembamba za wima badala ya bati lenye matundu. Mwanga mwingi zaidi ukawa unapita, picha ikang'aa kuliko za wenzao. Mwaka 1973 wakapewa tuzo ya Emmy kwa ajili yake. Kwa karibu miaka thelathini mteja alilipa zaidi kununua Sony kwa sababu aliiona tofauti kwa macho yake akiwa amesimama dukani. Hakuhitaji kuelezwa.

Hapo katikati, mwaka 1975, Sony walinunua kampuni ya Ujerumani iliyoitwa Wega, ya Stuttgart. Jina hilo walikuja kulitumia miaka ya 1990 kwenye TV zao za chogo zenye uso uliolala bapa kabisa. Waliokua na TV hizo wanakumbuka: mbele bapa, nyuma mgongo wa ng'ombe, kubeba watu wawili.

Na hapo ndo mtego ulipokaa. Trinitron ilikuwa inaleta hela nzuri, na kitu kinacholeta hela nzuri kinakulaza. Wenzao walikuwa wanajenga viwanda vya vioo bapa. Sharp, kupitia bosi wao Katsuhiko Machida, walitangaza mwaka 1998 kwamba ikifika 2005 TV zote watakazouza Japani zitakuwa za LCD. Watu waliona kama ndoto. Mwaka 2001 wakaleta Aquos. Sony hawakuwa na kiwanda chao kikubwa cha vioo vya LCD. Mwezi Aprili 2003 walipotoa hesabu zao, hisa zao zikaporomoka vibaya mpaka tukio hilo likapewa jina, mshtuko wa Sony.

Ikabidi waombe kioo kwa mshindani. Mwaka 2004 wakaungana na Samsung kuanzisha kiwanda cha pamoja Korea Kusini kilichoitwa S-LCD. Samsung walichukua nusu na hisa moja juu. Hiyo hisa moja inatosha kukuambia nani alikuwa na shida na nani alikuwa na kioo.

Mwaka 2005 ndo Bravia ikazaliwa. Jina ni herufi za mwanzo za maneno marefu ya Kiingereza kuhusu ubora wa picha na sauti, hakuna mteja anayeyajua na hakuna anayehitaji kuyajua. Uzinduzi ulikuwa wa nguvu. Lile tangazo la mipira 250,000 ya rangi ikidundadunda kwenye mtaa wa mteremko San Francisco ni la kwao. Hakuna bei mle ndani, hakuna "ofa inaisha leo", hakuna mtu anayepiga kelele. Rangi tu, kwa sababu walichokuwa wanauza ni rangi. Ningependa mtu anayeposti picha ya boksi la TV iliyopigwa gizani aliangalie hilo tangazo mara moja.

Bravia ikapokelewa vizuri, Sony ikarudi kuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa TV za LCD duniani. Na bado ikawa inapata hasara. Kwa nini?

Kwa sababu kioo kilichokuwa ndani ya TV yao kilitoka kwenye kiwanda kile kile kilichompa mwenzake. Mwaka 2006 Samsung wakatoa TV yao ya Bordeaux, iliyochongwa ikafanana na glasi ya mvinyo, na mwaka huo huo Samsung ikawa namba moja duniani kwa TV, nafasi ambayo wameishika kwa muda mrefu sana baada ya hapo. Kiwanda kimoja, kioo kimoja, na sasa mteja akisimama dukani haoni tena ile tofauti aliyokuwa anaiona enzi za Trinitron. Akishindwa kuona tofauti anaangalia kitu kimoja tu kilichobaki. Kibandiko cha bei.

Ndugu yangu unayeuza mtandaoni, hapo si ndo tulipo wewe na mimi? Wote tunapanda Kariakoo, tunachukua kwenye maduka yale yale ya jumla, mzigo uliotoka kontena moja. Picha tunayoposti ni ile ile aliyotutumia mwenye duka la jumla kwenye kundi la WhatsApp, na maelezo tumenakili na alama zake za moto moto. Halafu tunashangaa mteja anatuma ujumbe mmoja kwa watu sita, "bei ya mwisho?"

Sony walichofanya baada ya hapo ndo kile tunachoambiwa tufanye. Walikimbilia wingi. Walijiwekea lengo la kuuza TV milioni 40 kwa mwaka. Wazo lilikuwa kwamba ukiwa mkubwa unanunua vifaa kwa bei ndogo, unagawa gharama kwa vipande vingi, halafu faida inajitokeza yenyewe. Karatasini inapendeza. Tatizo ni kwamba kila mwenye kiwanda cha vioo duniani alikuwa na wazo hilo hilo wakati huo huo. Vioo vikajaa, bei zikashuka, na TV uliyoitengeneza Januari ukija kuiuza Juni bei yake sokoni imeshakimbia. Ukiwa na mzigo mdogo unapata jeraha dogo. Ukiwa umejaza ghala kwa ajili ya lengo la milioni 40, ghala lote linapungua thamani wewe umelala.

Wakauza viwanda vyao, cha Mexico na cha Slovakia, kupunguza mzigo. Haikutosha. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2012 kampuni nzima ya Sony ikaandika hasara ya zaidi ya yen bilioni 450, kubwa kuliko zote katika historia yao mpaka wakati huo, na TV zilikuwa na mchango mkubwa kwenye hicho kidonda. (Sisi huku wakati huo tulikuwa na habari nyingine kabisa. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na watu walikuwa wanakimbizana na ving'amuzi vya kuunganisha kwenye chogo.)

Novemba 2011 walikuwa wameshakubali yaishe. Lengo la milioni 40 likakatwa likawa milioni 20. Mwezi uliofuata wakatangaza kuiuzia Samsung sehemu yao ya S-LCD. Aprili 2012 akaingia bosi mpya, Kazuo Hirai, na kwenye TV akafanya jambo ambalo kwa akili ya mzunguko ni wazimu. Aliendelea kupunguza. Aina za TV zikapunguzwa, nguvu ikapelekwa kwenye TV kubwa na za bei ya juu, zile za 4K. Mwaka 2012 walileta TV ya inchi 84 ya dola 25,000. Hiyo haikuwekwa pale ili kila nyumba inunue. Iliwekwa ili mtu akitaja picha nzuri kuliko zote ataje Sony.

Halafu Julai 2014 kitengo cha TV kikatolewa kikawa kampuni yake yenyewe ndani ya Sony, na vitabu vyake. Hili watu wanalipita haraka ila kwangu ni kubwa. Kabla ya hapo TV zilikuwa zinabebwa na ndugu zake: PlayStation, filamu, muziki, vioo vya kamera, na hata bima, maana Sony Japani walikuwa wanauza mpaka bima ya maisha. Mtoto mzembe kwenye nyumba yenye uwezo haonekani mzembe. Ukimpa chumba chake na bajeti yake ndo unamjua. Wewe mwenye kuuza TV, sabufa na nguo za watoto kwenye ukurasa mmoja na hela zote zinaingia lipa namba moja, unajua kweli ni kipi kinachokulisha? Inawezekana nguo za watoto zinalipa hasara ya TV na wewe unajisifu ni mfanyabiashara wa vifaa vya umeme. Hesabu hii haihitaji chuo, mimi mwenyewe niliishia kidato cha nne. Daftari moja kwa kila bidhaa, basi.

Mwaka wa fedha wa 2014 kitengo kikaona faida kwa mara ya kwanza baada ya ile miaka kumi. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa faida. Na ikaendelea miaka iliyofuata, wakiuza karibu nusu ya zile walizokuwa wanauza wakati wa hasara.

Sasa sikiliza sehemu inayonifurahisha kuliko zote. Mwaka 2017 Sony walileta Bravia ya OLED, ile A1, na watu wakaisifu sana. Kioo chake kimetoka wapi? Kwa LG. Mshindani. Mwaka 2022 wakaleta A95K, nayo ikasifiwa. Kioo? Samsung. Yule yule.

Kwa hiyo Sony waliorudi kwenye faida hawana kioo chao. Wananunua kwa watu wanaoshindana nao dukani, kama mimi na wewe tunavyonunua kwa mtu wa jumla ambaye naye ana ukurasa wake Instagram na anauza rejareja. Tofauti ni kwamba safari hii waliweka kitu juu ya kioo. Waliweka prosesa yao ya kuchakata picha, ile familia ya X1 iliyoanza 2015, ambayo inaamua rangi iwe vipi, mwendo uwe laini kiasi gani, picha hafifu ya mechi ya zamani isafishwe vipi. Kwenye A1 waliondoa spika za kawaida za mbele, wakaweka vifaa nyuma vinavyotikisa kioo chenyewe, sauti ikawa inatoka mdomoni mwa mtu unayemwona. Na nyuma ya yote hayo kuna miaka mingi ya kutengeneza kamera na skrini ambazo watu wa filamu wanazitumia kazini. Kioo ni cha LG, akili ni ya Sony. Mteja anayelipa zaidi analipia akili.

Swali langu kwako, na ndo sababu nimeandika yote haya: kioo umenunua Kariakoo kama wote, wewe umeweka nini juu yake?

Kabla hujajibu, tuweke hesabu mezani. Tuseme TV ya inchi 43 unaichukua jumla kwa 500,000. Juma anaweka faida 15,000, anauza 20 kwa mwezi. Mtaji uliozunguka ni milioni 10, faida 300,000. Asha anaweka 70,000, anauza 8 tu. Mtaji uliozunguka milioni 4, faida 560,000. Sasa TV moja ipasuke njiani, kwenye bodaboda au bajaji, na wanaouza TV wanajua hiyo siyo hadithi. Juma anamaliza mwezi akiwa na hasara ya 200,000 baada ya kuhangaika na wateja 20. Asha anabaki na 60,000, mwezi mbaya, lakini duka lipo. Juma ana wateja wengi, komenti nyingi, anaonekana amefanikiwa. Sony wenye milioni 22 nao walionekana hivyo.

Na Sony walikuwa na ndugu wa kuwabeba miaka kumi. Juma atabebwa na nani? Mkopo wa kikundi? Huo una marejesho kila wiki. Biashara nyingi za mtandaoni ninazoziona zinakufa hazifi kwa kukosa wateja, zinakufa katikati ya wateja. Mtu anauza mpaka siku ya mwisho, siku hiyo anakuta hela ya mzigo mpya haitoshi.

Najua mtakachosema. "Wateja wa huku wanaangalia bei tu." Kwa sehemu ni kweli, sibishi. Yupo mteja ambaye tofauti ya 5,000 itampeleka kwa mwingine, na huyo mwache aende, hata Sony wamewaachia watu hao kwa Hisense na TCL. Lakini angalia maswali yanayokuja inboksi baada ya bei. "Ni og kweli?" "Ikiharibika je?" "Nikituma hela utaleta?" "Inakubali king'amuzi changu?" Hayo siyo maswali ya bei. Ni mtu anayeogopa kupoteza hela ya miezi minne aliyoiweka kidogo kidogo. Yule anayeuliza "bei ya mwisho" mara nyingi naye anaogopa vile vile, ila hajaona kingine cha kukulinganisha nacho na wenzako.

Kwangu kitu kinachowekwa juu ya kioo ni vitu vya kawaida kabisa. TV inawashwa kabla haijatoka, na mteja anatumiwa video fupi ikiwaka, namba ya nyuma ya TV ikionekana, ili ikifika ajue ni ile ile. Inchi zinapimwa kwa futi mbele ya kamera, kona mpaka kona, kioo peke yake bila fremu: inchi 43 ni kama sentimita 109, inchi 55 ni kama sentimita 140. Kuna TV zinaandikwa 43 kwenye boksi na futi inakataa. Hizo mimi siuzi, na nasema wazi kwamba siuzi na kwa nini. Mteja anaulizwa nyumba yake ina umeme wa aina gani, kama unakatika na kurudi kwa kishindo anaambiwa kuhusu kifaa cha kulinda TV kabla hajanunua, siyo baada ya kuungua. Fundi wa kutundika ukutani anajulikana kwa jina na bei yake imeandikwa. Ikifika, kuna mtu wa kumpigia simu wa kumwelekeza mama mwenye nyumba jinsi ya kutafuta chaneli bila kumuonesha kwamba anamsumbua.

Hakuna hata kimoja hapo kinachotoka China. Ndo maana mwenzako hawezi kukinunua Kariakoo kesho akakushinda nacho.

Ila nisieleweke vibaya, ubora peke yake nao unaua. Pioneer, Wajapani pia, mwaka 2007 walitoa TV za plasma zilizoitwa Kuro, yaani nyeusi, kwa sababu weusi wake wa picha hakuna aliyeufikia wakati huo. Wapenzi wa picha wanazizungumzia mpaka leo. Februari 2009 Pioneer wakatangaza wanaacha biashara ya TV. Walikuwa na kitu bora, cha ghali kutengeneza, na wanunuzi hawakutosha kulipa gharama hiyo. Kwa hiyo ukiongeza huduma, iongeze pale mteja anapoiona na kuilipia. Kumfungia mtu TV kwa karatasi la zawadi lenye utepe, sijui. Labda kwa nguo.

Neno kidogo kuhusu jina, maana naona watu wanabadilisha majina ya kurasa kama vocha. Leo "Bei Poa Electronics", mwezi ujao "Smart Home Tz", ukienda tena ni duka la manukato. Sony kwenye TV wamekuwa na majina makubwa machache kwa zaidi ya miaka hamsini, na kila lilipobadilika kitu chenyewe kilikuwa kimebadilika: Trinitron ilikuwa bomba jipya, Wega uso bapa, Bravia kioo bapa. Tangu 2005 jina ni lile lile, LCD ikaja OLED, ikaja Android TV mwaka 2015, jina halijaguswa. Kilichobadilika 2024 ni zile herufi za kuchanganya za aina za TV. Wakaacha misimbo kama X95L, wakaita Bravia 3, Bravia 7, Bravia 8, Bravia 9. Mteja anaelewa bila kuuliza kwamba 9 iko juu ya 3. Nawe kwenye posti zako punguza misimbo ya boksi. Sema "TV ya sebule ndogo", "TV ya ukumbi wa mpira", weka inchi, basi.

Na kwa wale wanaobandika jina la Sony kwenye TV isiyo na jina, hao wanafanya kosa la kisheria na tena hawaoni ujinga wake. Umeuza TV kwa jina la mtu mwingine. Ikikaa miaka mitano vizuri mteja atamsifu Sony. Ikifa wiki ya pili atakutukana wewe.

Watu wameniuliza kuhusu karatasi ya garantii. Ya kwangu ina mistari sita tu, nimeiandika kwa simu, nachapisha stesheni kwa shilingi mia mbili. Jina la mteja na tarehe. Namba ya nyuma ya TV. Inchi zilizopimwa. Miezi ya garantii na ni nani anayeitoa, mimi au kiwanda. Kisichohusika: kupasuka, maji, radi. Namba ya simu itakayopokelewa, na saa za kupokea. Mteja anasaini, mimi nasaini, kila mmoja anapiga picha ya nakala yake. Ichukue, badilisha jina la duka, utumie.